Wanafunzi Walemavu Wamalizapo Shule, Nani Hupokea Lindo?

Askari yeyote aliyewahi kusimama lindo anaijua kanuni hii tangu wiki zake za kwanza za mafunzo: mlinzi haondoki mahali pake mpaka anayempokea awe amefika, amesomewa amri za lindo hilo, na ameonyeshwa mipaka yake. Saa ya zamu ikiisha na mpokezi hajaonekana, mlinzi hubaki. Tulipokuwa makadeti tulikeshezwa usiku mzima kwa kosa la kuliacha lindo dakika chache kabla ya mwenzetu kufika, wala hatukuona kwamba tumeonewa.

Tumeanza na jambo hilo kwa sababu hapa kwetu Uganda liko lindo moja liachwalo wazi kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa Desemba. Ni lindo la kijana mlemavu aliyemaliza masomo na ambaye bado hajapata kazi. Shule humuaga kwa nyimbo na kupigwa picha. Ng'ambo ya lango hakuna mtu aliyeamriwa kumpokea.

Isidhaniwe kwamba nchi imelala. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara yake ya 35, inatamka haki ya walemavu ya kuheshimiwa na kulindwa utu wao. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanzishwa mwaka 1997, kwa watoto wanne wa kila familia, mtoto mlemavu aliwekwa mbele ya wenzake katika hesabu ya hao wanne. Ilikuja sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006, na baadaye ile ya mwaka 2020 iliyochukua nafasi yake, ambayo inakataza ubaguzi darasani na vilevile mahali pa kazi. Chuo Kikuu cha Kyambogo kinawafundisha walimu wa elimu maalumu. Wako viziwi wanaosomeshwa Ntinda, Wakiso na Mbale. Wako wasioona wanaosomeshwa Salama, wilayani Mukono. Hata katika kodi Serikali imefikiri: mwajiri athibitishaye kwamba asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa kudumu ni walemavu anaweza kupunguziwa asilimia 2 ya kodi yake ya mapato.

Kasoro, basi, haiko katika upungufu wa amri. Kasoro ni kwamba kila amri imeshikwa na mkono wake peke yake. Shule ziko chini ya Wizara ya Elimu na Michezo. Vituo vya urekebisho na ufundi, kama kile cha Kireka, viko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Nafuu ya kodi iko kwa watoza kodi. Huko wilayani afisa wa elimu na afisa wa kazi huenda wakawa na ofisi katika ukumbi mmoja, wakasalimiana kila asubuhi, na hata siku moja wasipeane jina la kijana hata mmoja. Ukimwuliza wa kwanza atakujibu kwamba kazi yake huisha mtihani unapoisha. Ukimwuliza wa pili atakujibu kwamba yake huanza mtu anapokuja kuomba msaada. Wote wawili wanasema kweli, na kijana amekaa nyumbani.

Tunamfahamu sajini mmoja ambaye mwanawe ni kiziwi. Mtoto huyo alisoma kwa shida na kwa bidii, akafanya mtihani wa kidato cha nne, naye mkalimani wa lugha ya alama akiwapo chumbani kama ipasavyo. Mikono yake ilipenda chuma. Tangu utotoni alikuwa akitengeneza baiskeli za kambi nzima kwa waya na nyundo. Baada ya shule baba yake alimpeleka kwenye chuo kimoja cha ufundi. Mwalimu wa uchomeleaji alimkataa, akisema kwamba hatasikia akiitwa panapotokea hatari. Wakampeleka darasa la ushonaji, ambalo nalo halikuwa na mtu ajuaye alama hata moja, na baada ya muhula mmoja kijana akarudi kota. Baba alikwenda ofisi tatu. Katika kila ofisi alipokewa kwa adabu, naye akaelekezwa kwenye ofisi nyingine.

Sababu aliyoitoa yule mwalimu tumeipima sana, kwa kuwa sisi wanajeshi tunajua maana ya hatari. Hata hivyo karakana ya kuchomelea ina makelele, na huyo mwenye masikio huvaa kinga machoni na hasikii vizuri akiitwa. Taa nyekundu ukutani, kioo kimoja kilichowekwa mahali pake, na mwenzake wa kumgusa bega vingetosha kumaliza tatizo. Sisi wenyewe hatupigi kelele usiku tunapokuwa doria. Huongozana kwa ishara za mikono, na hakuna aliyesema kwamba kombania nzima haifai kazi kwa sababu haisikilizani kwa sauti. Lililokosekana pale chuoni ni mtu wa kufika mapema na kulieleza jambo hilo kabla kijana hajasimama mlangoni na karatasi zake.

Wako waliolishughulikia jambo hili kwa kuandika tarehe ndani ya sheria. Nchini Marekani, marekebisho ya sheria ya elimu ya walemavu ya mwaka 1990 yaliamuru ya kwamba kila mwanafunzi mlemavu, afikapo umri wa miaka 16, awe na mpango wa maandishi unaoeleza atakavyotoka shuleni kwenda kazini au kwenye masomo mengine. Mwanafunzi mwenyewe hualikwa katika kikao, na ofisi ambayo huenda ikamhudumia baadaye nayo hualikwa angali bado shuleni. Sheria nyingine ya mwaka 2014 iliyalazimu majimbo kutenga angalau asilimia 15 ya fedha wapewazo na serikali kuu kwa urekebisho wa kikazi, zitumike kuwatayarisha wanafunzi hao kabla ya kuajiriwa. Hata huko, walemavu wenye kazi ni wachache kwa uwiano kuliko wenzao. Atakayesema kwamba ile ni nchi tajiri amesema kweli. Lakini tarehe haina bei, na kuandika jina la afisa mmoja mbele ya jina la mtoto mmoja hakuhitaji mkopo wa benki yoyote.

Sisi wa majeshi tunao ujuzi wa jambo hili kuliko tunavyojisifia. Askari aliyepoteza mguu vitani hapotei njiani, kwa sababu ana namba, ana faili, na yuko kamanda anayeulizwa yuko wapi. Wengi wa namna hiyo wamepitia kituo chetu cha Mubende. Hatusemi kwamba huko mambo yote ni shwari. Wenyewe waliopita huko wana mengi ya kueleza, na wanayo haki ya kuyaeleza. Tunasema tu kwamba haiwezekani mtu huyo asijulikane alipo. Mwana wa askari, aliyezaliwa katika kambi hiyo hiyo na anayeishi nyumba ya pili kutoka kwa huyo majeruhi, hana namba wala faili.

Tukiri pia kosa letu wazazi. Katika kota za jeshi na za polisi wako watoto ambao majirani wa miaka mitano hawajawaona, kwa kuwa baba huona haya. Mtoto aliyefichwa hawezi kuandikwa mahali popote, na afisa wa kazi hawezi kulaumiwa kwa mtu asiyejua kwamba yupo.

Kwa hiyo pendekezo letu ni dogo. Kila kambi yenye shule, na kila kituo cha polisi chenye kota, kiwe na daftari moja la vijana walemavu waliofikia miaka 14 na zaidi. Daftari lishikwe na afisa mmoja wa ustawi aliyetajwa kwa jina, ambaye akihamishwa atalikabidhi kwa sahihi kama anavyokabidhi bohari. Katika kila jina iandikwe shule aliyopo, kazi aipendayo mwenyewe, na kitu gani kitamwezesha kuifanya: mkalimani, ngazi ya mteremko, au kompyuta isomayo kwa sauti. Nakala ipelekwe kwa afisa wa elimu na afisa wa kazi wa wilaya kwa pamoja, katika barua moja, ili asiwepo wa kusema kwamba hakuiona. Vyama vyetu vya akiba na mikopo viulizwe mapema kama vitakopesha kwa dhamana ya mzazi kijana anayehitaji cherehani au mashine ya kuchomelea.

Mitihani ya kidato cha nne hufanywa kati ya Oktoba na Novemba. Daftari likianza muhula wa kwanza, mwezi wa Februari, afisa wa kazi atakuwa na miezi minane ya kwenda mwenyewe kwenye chuo cha ufundi, kuzungumza na mwalimu wa karakana, na kukagua kama ile taa nyekundu imekwisha kuwekwa ukutani.