Mgahawa wa Disney na sufuria za mama wakimbizi

Leo nawapeleka mbali, mpaka Florida huko Marekani, kwenye habari ya mgahawa. Najua wengine mtasema: sisi tunatafuta unga, huyu anatuletea mambo ya watalii. Vumilieni kidogo, unga nitaufikia.

Karibu na mji wa Orlando kuna bustani kubwa za michezo za kampuni ya Disney, zilizofunguliwa mwaka 1971. Kando yake kuna eneo la maduka na migahawa linaloitwa Disney Springs. Lilianza 1975 kama kijiji cha maduka, likabadilishwa jina mara kadhaa, na hili la sasa lililipata 2015. Kuingia ni bure, hata kuegesha gari ni bure. Kula ndiko kunalipiwa, tena kwa dola nyingi.

Kila mara mgahawa mpya unapokuja pale, tangazo hutoka mapema sana, na mara nyingi jambo la kwanza wanalotangaza ni mpishi: ni nani, ametoka wapi, anapika chakula cha kwao cha namna gani. Mwaka 2005 ulikuja mgahawa wa Waairishi, Raglan Road. Mwaka 2015 akaja Morimoto, Mjapani wa Hiroshima. Mwaka 2023 ukafunguliwa ule wa Maneet Chauhan, mama aliyezaliwa India. Na Machi 2019 ulifunguliwa Jaleo, wa José Andrés. Kwa huyu tukae kidogo.

Andrés ni Mhispania. Alifika Marekani akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa na ujuzi wa kupika. Jaleo ya kwanza ilifunguliwa Washington mwaka 1993, na uraia wa Marekani aliupata 2013, miaka 20 baadaye. Kule Disney Springs anasifiwa kwa paella, wali wa kwao unaopikwa kwenye karai pana juu ya moto wa kuni. Moto wa kuni, ndugu zangu! Watu wanatoka mbali na watoto wao, wanalipa dola, ili wakae mbele ya kitu ambacho mama wa Masisi anakifanya kila jioni huku moshi ukimtoa machozi.

Lakini Andrés huyo huyo ndiye aliyeanzisha shirika la World Central Kitchen mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti. Mwaka 2017 kimbunga Maria kilipoharibu kisiwa cha Puerto Rico, hakungoja meli zilete vyakula vya makopo. Aliingia kwenye mgahawa wa mpishi mwenzake wa San Juan, José Enrique, wakaanza kupika sancocho, mchuzi mzito ambao kila mtoto wa kisiwa kile anaujua tangu kwa bibi yake. Kisha yakafuata majiko ya shule, magari ya kuuzia chakula, mpaka uwanja mkubwa wa michezo ukageuzwa jikoni. Waliokuwa wanapika, sehemu kubwa, ni wenyeji ambao wenyewe walikuwa wamepigwa na kimbunga. Sahani zilipita milioni 3.

Hapo ndipo nataka tuangalie kwetu.

Mtu anapofika kambini, au katika darasa la shule, au kwa familia inayompokea, anaandikwa. Jina, kijiji alikotoka, wako wangapi nyumbani. Katika maeneo yote niliyopita sijaona karatasi inayouliza: mama, unajua kupika nini? Ulikuwa na malewa? Uliwahi kupikia arusi au kilio? Tunahesabu midomo. Mikono hatuihesabu.

Na mikono hiyo inajua mambo. Kuna mama aliyekuwa anakaanga sambaza kando ya ziwa Kivu, anajua kwa harufu tu kama samaki ni wa asubuhi au wa jana. Kuna aliyekuwa anachuuza fromaji ya Masisi. Kuna anayetwanga sombe na kuipika kwa mawese na makayabu mpaka wapita njia wanasimama. Kuna aliyezoea kupika maharagi na ndizi katika sufuria la kilio, watu 300 wanakula na hakuna anayelalamika chumvi. Huyu wa mwisho, kwa maoni yangu, ana kazi ngumu kuliko mpishi yeyote wa Disney Springs, maana yeye hana friji, na bajeti yake ni michango ya majirani.

Kisha tunampa mama huyo unga mbichi na maharagi makavu, bila makala. Anafanya nini? Anauza sehemu ya unga ili anunue makala ya kupikia unga uliobaki. Asipouza, anakwenda porini kutafuta kuni, na hatari za huko mnazijua, sina haja ya kuzieleza. Kumbe wanawake kumi wenye sufuria kubwa na jiko moja la kuokoa makala wangepikia familia nyingi kwa moto mdogo zaidi, na wangelipwa kwa kazi yao.

Najua majibu yatakayokuja. Watasema chakula kilichopikwa kinaweza kueneza kipindupindu kama maji si safi. Ni kweli, na ndiyo maana maji na sabuni vitangulie sufuria. Watasema pia kwamba kila familia inapenda kupika yenyewe, na hilo nalikubali kabisa. Hakuna mwanamke anayetaka kupanga foleni ya sahani mwaka mzima. Mimi nasema juu ya siku za kwanza, wakati watu wamefika na nguo za mwilini tu. Sufuria haipo, makala haipo, na gunia la unga linafika kama mzigo mwingine.

Wengine wenu mna ndugu Marekani. Mwaka 2024 Congo ilikuwa nchi ya kwanza kwa wakimbizi waliopokewa kule, karibu 20,000 kati ya laki moja hivi, kabla ya mpango huo kusimamishwa Januari 2025. Basi sisi pia tumefika, na mapishi yetu kichwani. Ila Disney Springs hakuna mgahawa wa Kikongo. Jambo la kuchekesha ni kwamba lugha yetu ilitutangulia: katika hoteli moja ya Disney huko huko Florida, tangu 2001 kuna migahawa iliyopewa majina Jiko na Boma. Majina ni ya Kiswahili. Sombe bado inangoja zamu yake, na sitashangaa ikipikwa kwanza na mtu aliyeisoma kitabuni.

Sisemi kila mama mkimbizi awe Andrés. Huyo alipata nchi yenye amani. Nasema mashirika ya kiutu yanayonunua chakula kwa ajili yetu yaanze kununua pia kazi ya wanaojua kukipika, na wakubwa wa mitaa waache kuwafukuza wanaokaanga mikate kando ya barabara wakati hiyo mikate ndiyo inalipa shule ya watoto.

Komite za wakimbizi zinaweza kuanza kesho bila kungoja mradi wa mtu. Daftari moja na kalamu moja: jina la mama, alikotoka, anachojua kupika, na kwa watu wangapi. Wale wa 300 ndio watafutwe kwanza.