Kifaa Kipimwe Kinapotumika

Katika miji ya wachimbaji kama Segese, mkoani Shinyanga, kibanda cha gemu huwa ni chumba cha mabati chenye runinga mbili tatu, mabenchi, na PlayStation 2 ambayo fundi ameshaifungua mara nyingi. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na Sony ikaacha kuitengeneza 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150. Waandishi wa habari za vifaa waliizika siku nyingi. Wanaoitumia hawajaizika, na maoni yao ni ya kitaalamu.

Adui wa kwanza ni vumbi. Makarasha yanaposaga mawe ya dhahabu, vumbi jembamba huingia kila penye upenyo, hutua juu ya lenzi, na mashine ikashindwa kusoma CD. Fundi huisafisha kwa pamba na spiriti. Ikigoma kabisa, huweka programu kwenye memori kadi na gemu kwenye flashi, mashine ikapiga kazi bila CD. Njia hiyo ina dosari: tundu la flashi la PS2 ni USB ya kizazi cha kwanza, hupitisha data polepole, hivyo video za utangulizi hukwamakwama ingawa mpira wenyewe unachezeka. Ndiyo maana wajuzi huulizia ile nene ya zamani badala ya nyembamba iliyotoka 2004. Nene ina nafasi ya kufunga hadi diski ya kuhifadhia gemu ndani. Pedi nayo huanza kufa kwenye kijiti cha kushoto, kile cha kukimbizia mchezaji. Raba huchubuka, kisha beki anaanza kutembea mwenyewe bila kuguswa.

PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020, ni mashine bora bila ubishi. Lakini gemu moja huweza kuzidi GB 50, na kwa bando la simu hiyo ni hasara. Tena hadi 2024 Tanzania haikuwamo katika orodha ya nchi zinazotambuliwa na PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya mashine hizo, kwa hiyo mchezaji alilazimika kufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine. Habari inayosifu picha bila kutaja hayo imemwacha msomaji wa Segese nje.

 

Kwa simu, kipimo ni kilekile: hali ya mahali inapotumika. Nokia 1100 ya 2003 ilikuwa na tochi na vibonyezo vilivyozibwa vumbi lisipite. Simu za aina hiyo huitwa kitochi hadi leo. Tecno na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zilipendwa kwa laini mbili na betri inayodumu: mtandao mmoja ukikata, mwingine unashika, na asiye na umeme nyumbani hulipia kuchaji.

Bei rahisi huja na bandia. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini kote, na wengi walilala na simu wakaamka na kopo. Anayenunua abonyeze *#06# palepale dukani, alinganishe namba inayotokea na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha aitume kwenda 15090 kuihakiki kabla hajatoa hela.