Siri ya mteja ni mtaji: Funzo la Melo kwa wafanyabiashara wa Isongole

MFANYABIASHARA wa Isongole, wilayani Ileje, mpakani na Malawi, anajua thamani ya habari. Akichelewa siku moja kujua kwamba mzigo hauvuki kwenda Chitipa, magunia aliyoyakusanya kwa fedha za mkopo humbakia mikononi.

Mwaka 2025 ulilithibitisha hilo. Machi, Malawi ilizuia mazao kadhaa kutoka nje, yakiwamo mahindi, mchele, tangawizi na ndizi. Aprili, Tanzania ikajibu kwa kupiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kisha baadaye ikaondoa marufuku yake. Katika majuma hayo, aliyeegemea uvumi alikuwa anacheza kamari na mtaji wake.

Ndiyo maana kazi ya Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa JamiiForums, inamhusu mkulima wa Ileje kama inavyomhusu msomi wa Dar es Salaam. Melo na mwenzake Mike Mushi waliuanzisha mtandao huo mwaka 2006 ukiitwa JamboForums, na mwaka 2008 ukachukua jina la sasa. Hawakuuza gazeti wala redio. Waliandaa baraza ambamo mwananchi anaandika kwa Kiswahili, akitaka kwa jina la kubuni, kuhusu siasa, ajira, biashara, mashamba na mifugo.

Biashara hiyo imewagharimu. Februari 2008 wawili hao walishikiliwa na polisi. Desemba 2016 Melo alikamatwa tena na kufikishwa Mahakama ya Kisutu, polisi wakiwa wametaka taarifa za watu walioandika katika mtandao wake tuhuma za ufisadi. Alikataa kuwataja. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani katika mojawapo ya kesi hizo, ikamtoza faini ya Sh milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari yenye makao yake New York ilikwishampa tuzo yake ya kimataifa.

Wapo wanaosema alikuwa mkaidi tu. Lakini mwenye duka yeyote anaelewa alichokuwa anakilinda. Muuza duka akitangaza kijiweni nani anadaiwa sukari na nani anadaiwa sabuni, kesho hakuna atakayeingia dukani kwake. Bidhaa ya Melo ni imani ya watu. Angewataja wachache, wengine wote wangenyamaza.

Na wakinyamaza, anayeumia ni mnyonge. Mkulima wa kahawa anayeona fedha za chama chake cha ushirika zikiliwa, au aliyeuziwa mbolea bandia, hawezi kusimama mkutanoni na kumtaja mkubwa ambaye kesho ndiye atakayempimia mazao. Ujanja wa mizani na lumbesa hustawi penye ukimya. Anayelinda jina la mtoa habari anamlinda pia mwenye gunia.

Ni kweli kwamba jina la kubuni huwaficha pia matapeli. Wapo wanaotangaza mbegu zisizokuwapo, na wapo wanaovumisha bei ili mkulima auze kwa hasara. Mhalifu wa namna hiyo hastahili kinga. Hata hivyo, dawa yake ni amri ya mahakama inayomlenga mtu mmoja kwa kosa linalojulikana, pamoja na mwenye mtandao kufuta uongo mapema. Kuwaanika wote kwa sababu ya mmoja ni sawa na kuchoma ghala ili kumuua panya.

Liko funzo la pili, nalo ni chungu zaidi. Juni 2018 JamiiForums ilifungwa kwa muda kutokana na kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, ambazo wakati huo zilidai zaidi ya Sh milioni 2 za maombi, leseni na ada ya mwaka. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilisitisha leseni yake kwa siku 90, ikidai ilichapisha maudhui yanayopotosha umma. Kijana wa Ileje mwenye wazo la kutangaza bei za mahindi na maharage kwa simu akitazama hayo, ataogopa kuanza. Serikali inayohimiza kilimo cha kibiashara haina budi kuona kwamba soko la mazao na soko la habari hufunguliwa pamoja.

Kwa upande wao, wakulima na wachuuzi wasisubiri. Anayeuza kupitia mtandao mmoja peke yake, uwe wa Melo au wa matajiri wa Marekani, anafanya biashara katika kibanda cha kupanga ambacho mwenyewe anaweza kukifunga usiku. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Namba za wateja ziandikwe daftarini, bei iulizwe kwa watu wawili au watatu, na habari ya mpakani ihakikishwe kwa ofisa wa forodha kabla ya kupakia gari. Barabara ya lami kutoka Mpemba hadi Isongole imeufupisha mwendo wa mzigo; haiwezi kumwambia dereva kama huko mbele geti limefungwa.