Anayefichua Uvunjaji wa Sheria Kazini Si Mchochezi

Lipo neno moja ambalo baadhi ya waajiri na mameneja wamelifanya kuwa rungu la kuwapigia wafanyakazi. Neno hilo ni "uchochezi". Mfanyakazi akiuliza kwa nini mchango wake wa hifadhi ya jamii unakatwa kila mwezi lakini haufiki kwenye Mfuko, huyo ni mchochezi. Akisema kwamba mashine haina kinga na imekwisha kumkata mwenzake vidole, ni mchochezi. Na akithubutu kupeleka habari hizo kwa ofisa wa kazi, hupandishwa cheo akawa msaliti aliyetoa siri za kampuni. Barua ya kumtaka ajieleze haikawii, na baada yake huja barua ya kumwachisha kazi.

Hatuna budi kuulizana: ni nani hasa anayevunja amani mahali pa kazi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Meneja anayewafanyisha watu kazi saa 60 na kuwalipa saa 45 ndiye mhalifu. Akimwita msaliti mfanyakazi aliyelisema hilo, hana tofauti na mwizi anayemshitaki mwenye nyumba kwa kupiga yowe usiku.

Hatusemi kwamba kiwanda hakina siri. Namna ya kutengeneza bidhaa zake ni siri halali, na mfanyakazi mwaminifu huitunza. Lakini wizi wa jasho la watu haujapata kuwa siri ya biashara, na hakuna mkataba wa ajira unaoweza kuuhalalisha.

Sheria za nchi hazikumwacha mfanyakazi huyu mikono mitupu. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo ya 2004 kinatamka kwamba si sababu ya haki kumwachisha mtu kazi kwa kuwa ametoa habari ambazo sheria inamruhusu au inamtaka azitoe. Kifungu cha 39 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Mwaka 2015 Bunge likaongeza sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, inayomkinga anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka zinazohusika.

Kama ni hivyo, kwa nini wafanyakazi bado wananong'ona? Ni kwa sababu wanajua jambo ambalo vitabu vya sheria haviwezi kulizuia peke yake: kwamba jina la mlalamikaji huweza kufika kwa meneja kabla ya mkaguzi. Mkaguzi anayeingia ofisini kwa meneja na kusema, "Kuna mtu wenu mmoja ametuletea malalamiko," amekwisha kumkabidhi kondoo kwa chui. Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1947, ambao nchi yetu imeuridhia, unamtaka mkaguzi aifiche kabisa asili ya malalamiko, wala asimdokezee mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Kwa hiyo kulitoa jina hilo ni kuvunja ahadi ya taifa.

Aliyefukuzwa anayo haki ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Hiyo ni haki kubwa. Lakini ni dawa ya jeraha, na mgonjwa anaisubiri huku watoto wanataka unga na mwenye nyumba anataka kodi. Usiri ndio ngao inayozuia jeraha lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba malalamiko mengine ni ya fitina. Hatukatai. Lakini fitina hubainishwa kwa ukaguzi. Mwajiri msafi humfungulia mkaguzi mlango na madaftari yake. Mwenye kuoza ndani ndiye anayeanza kwa kutafuta nani amesema.

Historia yetu ina fundisho. TANU ilipotoa Mwongozo mwaka 1971 na kukemea ubwana wa viongozi, wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliushika mkononi wakawakabili mameneja wao, na migomo ikafuata katika miaka iliyoandama. Baadhi yao walipoteza kazi kwa kusema yale ambayo Mwongozo uliwafundisha. Chama kilichowapa wafanyakazi lugha ya kudai heshima hakina haki ya kunyamaza wanapoadhibiwa kwa kuitumia, hata kama meneja anayewaadhibu ana kadi ya Chama mfukoni.

Tunataka nini basi? Kwanza, ofisa yeyote atakayelitoa jina la mlalamikaji achukuliwe hatua kali, maana ameuza dhamana aliyopewa. Pili, ukaguzi ufanywe mara kwa mara na bila taarifa, hata pasipokuwa na malalamiko, ili mwajiri asiweze kujua ni safari ipi iliyotokana na malalamiko ya mtu. Tatu, matawi ya vyama vya wafanyakazi yayachukue malalamiko na kuyapeleka kwa jina la tawi. Meneja huweza kumfukuza mtu mmoja asubuhi. Kiwanda kizima atakifukuza lini? Kiongozi wa tawi anayekimbilia kumnong'oneza meneja yaliyosemwa mkutanini ameacha kuwa kiongozi wa wafanyakazi, na wampigie kura kwa kadiri hiyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kiwanda kinachomfukuza anayeonyesha mashine mbovu hakijaitengeneza mashine hiyo. Kimemwondoa tu mtu aliyekuwa anaiona, na kesho mwingine ataitia mkono.