Shotigani ya kwanza ichaguliwe na bega la mkulima

Malipo ya minada ya korosho yanapoanza kuingia, kila nyumba ya Masasi na Newala huwa imekwisha kuyapangia kazi. Kuna deni la dukani, kuna ada, kuna bati, kuna salfa ya msimu ujao, na kijana naye anadai pikipiki. Kwa wenye mashamba ya pembezoni, hasa kwenye miteremko inayoshuka kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma, kuna jambo jingine linalozungumzwa barazani kwa sauti ya chini: mwaka huu tununue bunduki.

Hatuwalaumu. Anayelala mjini hajui hasara ya nguruwe pori. Kundi moja likiingia usiku kwenye mihogo, asubuhi mkulima anakuta matuta yamefukuliwa kama yamepitiwa na trekta, na jasho la palizi mbili limekwenda bure. Tena ni mnyama ambaye nyumba nyingi za Newala hazili nyama yake, kwa hiyo hata kitoweo cha kufuta machozi hakuna. Ndiyo maana watu hulala dunguni, na dungu nalo lina hatari yake. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, ulioonyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, na penye nguruwe wengi ndipo palipokuwa na hatari zaidi. Nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na katikati yao amelala mtu kwenye kibanda cha miti.

Kwa hiyo sababu ya kutaka bunduki ipo. Swali letu leo ni la mfukoni na la usalama: mtu ambaye hajawahi kumiliki bunduki anaichaguaje ya kwanza? Tunazungumzia bunduki ya marisaa, ile ambayo kila mtu huiita shotigani. Gobore la kufuliwa kijijini halimo katika mazungumzo haya. Halina leseni, na mtutu wake unaweza kumpasukia mwenye kulipiga kabla haujamdhuru nguruwe.

Duniani, watu waliochunguza jambo hili kwa undani zaidi si wakulima. Ni wanamichezo wa kulenga visahani vinavyorushwa hewani kwa mtambo, mchezo ulioingia kwenye Olimpiki tangu Paris mwaka 1900. Visahani hivyo huitwa vya udongo, ingawa siku hizi hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa. Kimoja kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105, na hupita kasi kuliko kwale. Mtu anayepiga visahani 100 kwa siku hujifunza upesi kama bunduki inamfaa au haimfai, kwa sababu bega lake litamwambia jioni.

Kwa mchezaji anayeanza, ushauri wa vilabu vya Uingereza ni karibu mmoja: usinunue chochote mwanzoni. Nenda klabuni, piga na bunduki zao tatu au nne chini ya mwalimu, kisha ndipo uende dukani. Mkulima wetu hufanya kinyume. Hulipa kwanza, akabeba mzigo nyumbani, na siku anayoufyatua kwa mara ya kwanza ni usiku, mikono inatetemeka, na nguruwe yuko hatua ishirini mbele yake.

Lakini si kila ushauri wa mchezaji unamfaa mkulima, na hapa ndipo wauzaji wanapowapoteza watu. Mchezaji hupenda bunduki nzito ya mitutu miwili iliyopandana, ya kilo tatu na nusu hivi, yenye mitutu mirefu ya inchi 30, kwa sababu uzito humeza teke la risasi mia. Mkulima anapiga risasi chache kwa mwaka mzima, lakini anaibeba bunduki usiku kucha na kupita nayo chini ya matawi ya mikorosho. Kwake inchi 28 au 26 zinatosha. Asikimbilie pia bunduki nyepesi kupita kiasi ya mtutu mmoja eti kwa kuwa ni rahisi. Hiyo hupiga teke la punda, na mtu akishaogopa teke, hufumba macho kabla ya kuvuta triga.

Jambo ambalo wote wawili wanalihitaji sawasawa ni bunduki kulingana na mwili. Bunduki nyingi za viwanda vya Ulaya na Marekani hutoka na kitako cha inchi 14 na ushei kutoka kwenye triga, zikimlenga mtu wa kimo chao. Mwenye mikono mifupi kitako humnasa kwapani. Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Hakikisha kwa macho yako kwamba bunduki ni tupu, fumba macho, ipandishe begani kama unavyotaka kulenga, kisha fumbua. Jicho likikuta limelala sawa juu ya mtutu, hiyo ni yako. Likikuta linatazama ubavuni, au linaona chuma cha nyuma tu, iache au umuulize fundi mwenye leseni kama kitako kinaweza kukatwa.

Na jicho lipi? Nyoosha kidole kuelekea mnazi wa mbali huku macho yote yakiwa wazi, kisha fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki kwenye mnazi, jicho la kulia ndilo linaloongoza. Kikiruka pembeni, ni la kushoto, na mtu wa namna hiyo akipiga kutoka bega la kulia atakosa maisha yake yote huku akiilaumu bunduki.

Kuhusu ukubwa wa tundu hatuna maneno mengi: chukua kipimo cha 12, kwa sababu ndicho ambacho risasi zake hupatikana zaidi. Usiweke vya 12 na vya 20 katika nyumba moja. Risasi ya 20 ikitumbukizwa kwa makosa kwenye bunduki ya 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mwenyewe akidhani hajapakia, akaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mikononi. Viwanda hutia risasi za 20 rangi ya njano kwa sababu ya ajali hiyo, lakini gizani njano haionekani.

Sisi tungechagua ya kukunja yenye mitutu miwili, iwe ya kulala sambamba au ya kupandana. Ikikunjwa, kila aliye karibu anaona kama ina risasi au haina. Zile za kujipakia zenyewe hupiga teke dogo, ni kweli, lakini hazipendi mchanga, na huwezi kujua kilichomo ndani kwa kuitazama kwa mbali. Kwenye viwanja vya visahani mtu hutembea na bunduki iliyokunjwa wazi mkononi. Desturi hiyo ingefaa sana njia za shambani ambako watoto hutangulia.

Wengi watanunua iliyotumika, na si vibaya, mradi mwenye kuiuza na mwenye kuinunua wapitie polisi. Tazama ndani ya mitutu kwenye mwanga: kutu iliyochimba mashimo au mbonyeo ni sababu ya kuondoka. Ifunge na uitikise. Ikicheza kwenye bawaba, imechoka. Soma maandishi ya urefu wa chemba. Bunduki za zamani za Kiingereza nyingi zina chemba ya milimita 65, na risasi za milimita 70 zisitiwe humo hata kama zinaingia. Zinaingia, naam, lakini ganda halina nafasi ya kufunguka na nguvu hurudi kwa mpigaji.

Halafu kuna risasi zenyewe. Marisaa madogo yanayovunja kisahani hayamwangushi nguruwe wa kilo 70. Yanamjeruhi, na nguruwe aliyejeruhiwa huingia kichakani akamsubiri anayemfuata. Anahitaji marisaa makubwa, na hata hayo ni kwa hatua 30 au karibu zaidi. Lakini marisaa makubwa yakikosa hayadondoki hapo. Huweza kusafiri mita mia kadhaa, na nyuma ya nguruwe huenda kuna dungu la jirani. Kabla ya kuamua bunduki ipi, mkulima apite shambani mchana ajue kila anayelala upande upi.

Sasa hesabu. Bei ya dukani ni mwanzo tu. Ongeza sanduku la chuma lililofungwa ukutani, risasi za mazoezi, na safari za kufuatilia leseni ambazo kwa mtu wa Lulindi au Kitangari si za siku moja. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inataka mwenye bunduki awe anajua kuitumia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 nayo inamruhusu mtu kulinda uhai na mali yake, lakini mnyama aliyeuawa ni lazima aripotiwe kwa afisa wanyamapori. Kuhusu tembo, shotigani isihusike kabisa: ni kuita askari, kupimiwa uharibifu na kudai kifuta jasho kwa kanuni za mwaka 2011. Mwenye ekari mbili za mihogo akimaliza hesabu hii huenda akaona heri ashirikiane na jirani mwenye leseni, na fedha yake aiweke kwenye salfa.

Kwa watakaonunua, tuna ombi kwa halmashauri za Masasi na Newala na kwa polisi wa wilaya. Iwepo walau siku moja kwa mwaka ya mazoezi, baada ya mavuno ya chakula na kabla kazi ya salfa haijapamba moto. Si lazima mtambo wa visahani. Boksi la karatasi lililochorwa nguruwe, hatua 25, nyuma yake kingo nene ya udongo, na mkufunzi mmoja wa polisi, vinatosha. Kila mwenye leseni apige risasi tano, na anayeomba leseni ajaribu bunduki mbili tatu kabla hajatoa hela. Vyama vya msingi, ambavyo hulinda ghala la korosho kwa gharama za wanachama, vinaweza kuchangia risasi za siku hiyo.