Mashujaa, Sungusungu na Sikio la Bibi Kizee



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu wote, wiki hii tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa tafakari yetu inaanzia mahali ambapo hamkuzoea kutukuta. Kijana mmoja wa VIWAWA alikuja ofisini baada ya Misa ya pili ya Dominika, kitabu kinene cha picha kikiwa kwapani, akatuuliza kwa sauti ya chini: "Baba Paroko, kukisoma hiki ni dhambi?" Tulikiazima, tukakisoma kwa siku tatu. Jibu letu limekuwa refu kuliko swali lake.

Kitabu chenyewe kinaitwa Watchmen, yaani Walinzi. Kiliandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, wote wawili Waingereza, kikatoka Marekani katika matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987. Mwaka 1988 kilipata tuzo ya Hugo. Mwaka 2005 jarida la Time lilikiweka katika orodha yake ya riwaya 100 bora za Kiingereza zilizotoka tangu mwaka 1923. Mwaka 2009 kilifanywa filamu, na mwaka 2019 ukatoka mfululizo wa televisheni unaoendeleza kisa chake. Sisi tuliokua tukisoma katuni za Sani, tukicheka na Ndumilakuwili na Lodi Lofa, tulidhani kwamba hadithi za picha ni za kupitisha muda tu. Basi ni nini kinachofanya hadithi ya watu waliovaa vinyago isizeeke kwa karibu miaka 40?

Wengi watasema ni nguvu za ajabu. Sisi hatuoni hivyo. Katika kitabu hiki karibu mashujaa wote ni binadamu wa kawaida waliojifunika nyuso na kujipa kazi ya kulinda mji. Mmoja ni katili, mwingine amechoka, mwingine ameshika haki kwa ukali hata amesahau huruma. Mmoja tu ana uwezo unaokaribia ule wa kimungu, naye kadiri anavyoweza mengi ndivyo anavyozidi kuwasahau wanadamu. Ni kinyume kabisa cha yale Mtume Paulo anayowaandikia Wafilipi katika sura ya pili, juu ya Yule aliyekuwa na yote akajishusha kwa ajili yetu.

Mwishoni mwenye akili kuliko wote anaua mamilioni ya watu wa New York ili mataifa makubwa yaogope adui wa kubuni na kuacha vita vya nyuklia. Hesabu yake inafanana na ile ya Kayafa (Yn 11:50): afadhali hawa wafe ili wengi wapone. Na hatuambiwi kwamba hesabu hiyo ilishindikana. Tunaachwa nayo mikononi, tuipime wenyewe. Nyuma ya kitabu chote kuna swali la kale la mshairi wa Roma, Juvenal: walinzi wanatulinda sisi, lakini wao wanalindwa na nani?

Wapendwa, swali hilo halina ugeni Shinyanga. Mwaka 1976 vyombo vya dola vilianza msako mkali katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kuwatafuta wahusika wa mauaji yaliyokuwa yakitokea huku. Lengo lilikuwa jema. Lakini watu waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa waliotumwa kulinda uhai. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa si yeye aliyeshika fimbo. Ajabu ni kwamba katika kitabu cha kijana wetu, mwaka huohuo wa 1977 ndio sheria inapopitishwa kuwakataza walinzi wenye vinyago. Imesadifu tu, lakini ilitufanya tukiweke kitabu chini kwa muda.

Kisha walikuja Sungusungu. Wazee wetu wanakumbuka jinsi walivyoanza miaka ya 1981 na 1982, upande wa Kahama na jirani zake, wakati wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi na kituo cha polisi kilikuwa mbali. Vijiji vilijipanga kwa pinde na mishale, vikawa na ntemi wao, na mwano ulipopigwa kila mwanamume alitoka. Ng'ombe walirudi zizini na watu wakalala usingizi. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuwapa nafasi. Hatutaki kudharau hayo. Anayewacheka Sungusungu hajawahi kuamka akakuta zizi tupu.

Lakini ukweli una upande wa pili. Tangu mwanzo, pamoja na wezi wa ng'ombe, walitafutwa pia "wachawi", na waliobandikwa jina hilo wengi wao walikuwa bibi zetu. Wengine walifukuzwa vijijini, wengine waliuawa. Ushahidi ulikuwa macho mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa sababu bibi alipika miaka 50 kwa kuni na samadi kavu, akivuta moshi ili wajukuu wale. Baadaye, hasa kuanzia mwaka 2007, walioandamwa ni ndugu zetu wenye ualbino, kwa uongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta samaki kwa mvuvi na dhahabu kwa mchimbaji. Mwaka 2009 na tena mwaka 2015 Serikali iliwapiga marufuku waganga wa namna hiyo, lakini katazo la Serikali peke yake haliondoi hofu na tamaa iliyo moyoni.

Hapa wengine watauliza: Padre, kwa nini kitabu cha Wazungu, na sisi tuna mashujaa wetu? Ni kweli, tunaye. Tangu utoto tumesimuliwa habari za Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote pamoja na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua aliuliza watu wengine wako wapi, na tangu siku hiyo akaanza kulitafuta zimwi. Alileta panzi, akaleta wanyama wengine, na kila mara mama alimwambia kwamba siye. Mwishowe alilipata, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wakiwa hai. Mapadre wamisionari walioishi nasi, kama Padre David Clement wa Bujora na Padre Donald Sybertz aliyekusanya methali na hadithi za Kisukuma, waliuona utajiri wa urithi huu, na katika katekesi yetu Masala Kulangwa amekuwa mfano wa Kristo Mkombozi.

Wengi wetu huishia hapo tunaposimulia, wakati hadithi inaendelea. Masala Kulangwa alipokuwa akipasua tumbo la zimwi, kisu chake kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi alikasirika, akamtukana, akataka hata kumloga. Kijana aliyeokoa dunia nzima angeweza kusema: bibi, sikio moja ni nini, na wewe umetoka hai? Au angesema: tazameni, kumbe ni mchawi! Ilitafutwa dawa, bibi akaponywa. Ndipo watu wakamweka kijana katika kiti cha utemi.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo hadithi ya babu zetu na kile kitabu cha Waingereza vinapokutana, na hapo ndipo ilipo siri ya kudumu kwake. Kabla ya maangamizi, Moore na Gibbons wanatumia kurasa nyingi kutuonyesha muuza magazeti wa barabarani na mtoto anayesoma katuni bure kando yake. Si watu wakubwa. Tunawazoea, tunacheka na manung'uniko ya yule mzee. Saa ya maangamizi inapofika wanakumbatiana na kutoweka. Baada ya hapo msomaji hawezi tena kusema "mamilioni" kana kwamba ni tarakimu tu. Hadithi ya kitoto ya shujaa huhesabu waliookolewa, kisha inafunga. Hadithi iliyokomaa inageuka kumtazama aliyekatwa sikio.

Tuseme na kosa letu. Miaka michache iliyopita, usiku, tulisikia mwano si mbali na nyumba ya mapadre. Tulijua anakimbizwa mtu. Tulijiambia kwamba wanaume wapo wa kutosha, na kwamba asubuhi tuna Misa. Tukageukia upande wa pili. Kulipokucha tukaambiwa kwamba aliyepigwa hadi kuvunjwa mkono hakuwa mwizi, bali kijana mgeni aliyetoka machimboni Geita akitafuta nyumba ya shangazi yake. Dominika iliyofuata, baadhi ya waliojigamba kwamba walikuwepo walipanga mstari wa Komunyo mbele yetu. Hatukuwa na neno la kuwaambia, kwa maana sisi nasi tulikuwa tumesikia.

Basi kijana wetu, jibu letu ni hili. Kukisoma kitabu hiki si dhambi, lakini si cha watoto, na wazazi wasikiache mezani: kina ukatili na mambo ya faragha ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Wewe mtu mzima kisome, na ukimaliza usituambie ni shujaa gani mwenye nguvu zaidi. Tuambie muuza magazeti wa kijijini kwenu ni nani.

Na ninyi wanajumuiya, ambao wengi wenu ni Sungusungu, hatuwaambii mtupe pinde. Tunaomba mambo matatu. Mwano ukipigwa, awepo mmoja wenu wa kuuliza, "Huyu amefanya nini, na nani amemwona?" Aliyekamatwa afikishwe kwa vyombo vya sheria akiwa mzima. Na mpiga ramli akiwatajia jina la bibi, jumuiya iende kwa bibi huyo siku hiyohiyo, iketi naye, isali naye, ijulikane kijiji kizima kwamba ana watu.

Usiku ule wa Gethsemane naye Petro alijifanya mlinzi. Alichomoa upanga akamkata mtumwa sikio, na Yohane ametuhifadhia hata jina la mtumwa huyo, Malko (Yn 18:10). Luka anaongeza kwamba Yesu, akiwa tayari anakamatwa, aliligusa sikio lile akaliponya (Lk 22:51). Hakuwa na muda mwingi usiku ule, lakini kwa sikio la mtumwa alipata nafasi. Dominika hii, kabla ya kuja mezani pake, kila mmoja wetu ajiulize ni sikio la nani lililokatwa karibu naye, na kama ameshakwenda kumwona.

Mungu awabariki nyote.

Wenu katika Kristo,
Paroko