Mwamba wa Forex Ahubiri Riba ya Asilimia 50, Wachenjaji wa Kabanga Wanamwangalia Tu

Wadau, kuna mwamba mmoja wa forex hapa mjini, jina linahifadhiwa, yule wa suti za kubana na gari linalobadilika rangi kila wiki. Siku hizi kahamisha mahubiri. Dhahabu kaiweka pembeni, sasa ni lira ya Uturuki. Laivu baada ya laivu wimbo ni uleule: kopa pesa yenye riba ndogo, nunua pesa ya nchi yenye riba kubwa, kaa nayo, riba inaingia wewe umelala zako. Na kati ya wanaomsikiliza mpaka saa nane usiku wapo vijana wa Biharamulo na Ngara, kule Kagera. Wana hadi grupu lao la WhatsApp, la kulipia.

Hapo ndipo panapochekesha, halafu panauma. Kati ya vijana wote wa nchi hii, wa Ngara ndio wa mwisho kuhitaji mtu wa mjini awafundishe habari za pesa ya nchi yenye shida. Wanaishi nayo mlango wa pili.

Ukweli usemwe kwanza, mwamba hajatunga kila kitu. Mchongo upo, na mabenki makubwa ya London na New York yanaufanya kila siku. Benki Kuu ya Uturuki ilipandisha riba mpaka asilimia 50 Machi 2024, na mwaka ule wenye mitaji mikubwa walikula. Karibu na kwetu kuna Kenya. Februari 2024 serikali yao iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18 na ushee, wakati dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Ndani ya wiki chache shilingi ikapanda, dola ikashuka mpaka kwenye 130 na kitu. Mgeni aliyeingia na dola zake alipata riba, na juu yake akapata faida ya pesa yenyewe kupanda. Hiyo ndiyo picha mwamba anaipenda.

Picha asiyoiweka ni ya 2021. Uturuki hiyohiyo, lira hiyohiyo. Mwanzo wa mwaka dola moja ilikuwa karibu lira 7 na nusu, mwisho wa mwaka imepita 13. Chukua kikokotoo cha simu. Umeingia na dola 1,000, umepata lira 7,500. Tufanye umelipwa riba ya asilimia 19 mwaka mzima, unazo lira 8,925. Rudisha kwenye dola kwa 13: unatoka na dola 686. Riba uliila kweli, ila mtaji ndio umeliwa na lira. Benki kuu haiweki riba kubwa kwa ukarimu. Inaweka kwa sababu watu wanaikimbia ile pesa, na inabidi wabembelezwe wabaki.

Na hapo umehesabiwa kama mwenye benki. Dogo wa Biharamulo hanunui hatifungani ya mtu yeyote. Anaingiza laki mbili kwenye programu ya simu, dalali anamkopesha mara 500 ya pesa yake, na ile riba ya usiku inapita kwanza mikononi mwa dalali, ambaye anamega anavyotaka. Ukicheza na mkopo wa mara 500, pesa ikishuka asilimia moja tu hata kwa dakika chache, akaunti imeungua. Machi 2025, siku meya wa Istanbul alipokamatwa, lira iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa chache, kisha ikarudi sehemu kubwa ya njia. Mwenye benki alisubiri. Wa laki mbili hakuwa na cha kusubiria.

Sasa twende Kabanga.

Ukitoka Nyakanazi, ukapita Nyakahura, ukifika maeneo ya Benaco barabara inagawanyika. Huku Rusumo, unaingia Rwanda. Kule Ngara mjini na Kabanga, ng'ambo yake ni Kobero, Burundi. Kabanga kuna vijana wenye maburungutu mkononi, wanachenji faranga za Burundi kwa shilingi. Wengi hawajawahi kusikia neno "chati". Ila muulize mmoja bei ya leo, atakupa mbili kabla hujamaliza swali, ya kununua na ya kuuza, na atakuangalia usoni ajue wewe ni wa kununua au wa kuuza.

Hawa wameona kila kitu. Mei 2023 Burundi ilishusha thamani ya faranga yake, dola rasmi ikatoka takriban 2,000 ikapita 2,800. Mwezi uliofuata, Juni, benki kuu ya kule ikatangaza kwamba noti za 5,000 na 10,000 zinaondolewa, watu wapewe siku 10 tu wazirudishe. Hizo ndizo noti kubwa, na mwenye biashara mpakani anaweka kubwa. Fikiria mama wa maharage yuko Kabanga, gunia zake kauza kwa Warundi wiki nzima, faranga ziko kwenye kopo chini ya kitanda, akaunti ya benki Burundi hana. Anaanza kumtafuta shemeji wa Kobero ambebee akamwekee, na shemeji naye anakata chake. Zikipita zile siku 10, kopo limebaki na karatasi.

Halafu 2025 mambo yakawa mabaya zaidi. Dola rasmi Burundi karibu 3,000, mtaani imepita 7,000. Mfumuko wa bei umepita asilimia 40. Mafuta ya gari hakuna. Ndani ya hali hiyo, hata ukiahidiwa riba nono kwa faranga, utakuwa unapewa kijiko huku sufuria linavuja. Ndiyo maana mchenjaji mwenye akili halali na faranga nyingi. Anazipokea asubuhi, jioni anataka azione zimegeuka shilingi, au mafuta ya kula, au chochote kisichopungua usiku. Mwamba anasema kaa nayo, riba inaingia umelala. Mtu wa Kabanga anajua kinachotokea ukilala.

Si kwamba wachenjaji ni malaika. Wengine wanahesabu noti kwa mkono wa haraka mpaka mbili zinapotea hewani, na kuchenji bila leseni ya Benki Kuu ya Tanzania ni kosa, liko wazi. Lakini angalau mchenjaji anatumia hela yake mwenyewe. Akikosea bei, ni yeye anayelala njaa. Mwamba wa suti anakula ada ya grupu hata lira ikishuka. Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndiyo maana huyu anapiga kelele na yule yuko kimya anahesabu.

Kuna dogo mmoja wa upande wa Nyakahura, habari zake zinajulikana kijiweni. Alikuwa na bodaboda ya mkataba, imebaki miezi mitatu iwe yake. Kaiuza haki yake kwa mwenzake, hela kaingiza kwenye lira kwa kufuata signali za grupu. Siku tisa. Alipouliza kwenye grupu akatolewa, na mtu wa pembeni akamtumia ujumbe kwamba "hana saikolojia ya soko". Sasa yuko kwenye bodaboda ileile, ila anapeleka hesabu kila jioni kwa yule aliyemuuzia.

Watasema mbona hata kubeti watu wanaliwa. Sawa, lakini kwenye kubeti kila mtu anajua ni kamari, si uwekezaji. Hawa vijana si wajinga. Kihangaza chao na Kirundi wanasikilizana, ndugu wako pande zote mbili, bei ya faranga wanaijua kabla ya mtu wa Dar kuamka. Walichokosa ni mtaji wa maana na ajira, na mtu akija na suti na neno "riba" linasikika kama mshahara.

Sasa inasemekana mwamba anataka kwenda kufanya darasa la ana kwa ana huko Kagera, kiingilio juu. Aende tu, nchi ni yake. Ila kabla vijana hawajatoa hata mia, atume taarifa ya akaunti yake ya mwaka mzima: lira ilinunuliwa tarehe ngapi, kwa bei gani, dalali alimega riba kiasi gani, na mwisho zilitoka dola ngapi. Picha ya gari asitume, ile imeshaonekana.